Wapimaji waliotugawia shamba la baba, Rau

Kama mna shamba la familia Moshi mjini na mnataka kugawana, nawashauri mtafute wapimaji kama hawa. Ofisi yao ni chumba kimoja ghorofani, si mbali na stendi. Tulikwenda mimi na kaka yangu mkubwa, tukiwa tumeshajigawia kwa hatua na kupanda masale mipakani kama alivyofanya baba. Tulichotaka ni bikoni tu, zile alama za mipaka za wapimaji, kisha hati.

Mpimaji wao, mama wa makamo, hakufungua hata mashine siku ya kwanza. Alilizunguka shamba lote kwa miguu, akaenda kusimama kwenye kipande cha nyuma alichopewa mdogo wetu wa kike, penye migomba ya mshare. Akauliza, "Huyu atapita wapi?" Tukamwonyesha kichochoro. Akavuta futi kamba: mita moja na nusu. "Akijenga, mchanga mtambebea kichwani? Na siku ya msiba je?"

Kaka alikasirika. Hii ni mali ya ndugu, hatumuuzii mtu, serikali inaingiaje? Akatoa mfano wa binamu yetu anayeishi jimbo la Maine, Marekani. Huko sheria huhesabu kugawa ardhi vipande vitatu au zaidi ndani ya miaka 5 kuwa mradi wa kuombewa kibali, ila zawadi kwa ndugu, kwa masharti yake, haihesabiwi. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Hapa kaka yangu tuko ndani ya eneo la mipango miji. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka halmashauri iridhie mchoro wa mgawanyo, hata mkiwa ndugu."

Kwenye gharama naungana na kaka kabisa. Mjane anayewagawia wanawe hapaswi kupitishwa mlango uleule na mtu anayekata ekari kumi auze viwanja. Aondolewe ada, apunguziwe safari za ofisini. Lakini njia isisamehewe. Sisi wenyewe, kwa kupendana kote, tulikuwa tumemfungia dada yetu nyuma ya migomba bila hata kuona.

Tukang'oa masale, kila mmoja akapunguza kipande chake, ikapatikana njia ya mita 6. Walitutoza laki nne kwa kipande, risiti tukapewa, na ada za halmashauri tulilipa wenyewe kwa kontroo namba.

Walichoniudhi ni ukimya. Waliahidi mwezi mmoja, ikawa mitatu na nusu, na simu hawapokei. Nilipanda daladala kila Ijumaa kwenda kuuliza mchoro umefika wapi. Mkienda kwao, mwombeni tarehe kwa maandishi.

Jumamosi iliyopita tipa la kokoto liliingia mpaka nyuma kabisa. Mdogo wangu alitangulia mbele yake kwa miguu, akimwonyesha dereva bikoni ya kona asije akaikanyaga.