Ubao wa zipu na makomeo kutoka kwa seremala wa Nyakato: uzoefu wangu

Mnaopita Nyakato, hapa Mwanza, huenda mmeshauona ubao huu umeanikwa nje ya karakana, katikati ya stuli na vitanda. Ni kipande cha mbao ukubwa wa sinia, cha mtoto kuchezea na kuzoeza vidole. Kimefungwa zipu, vifungo vya koti, komeo la mlango, kufuli na ufunguo wake, kamba ya kiatu na swichi ya taa isiyo na umeme. Baada ya kuvutana bei na fundi niliuchukua kwa shilingi 35,000, kwa ajili ya binti yangu wa miaka mitatu.

Swichi alibofya siku ya kwanza, akamalizana nayo. Zipu ndiyo iliyomshika. Kufunga zipu si jambo dogo kwa mtoto: mkono mmoja ukaze kitambaa kwa chini, mwingine ubane kishikizo kwa dole gumba na kidole cha shahada, uvute, tena kwa wakati mmoja. Kubana kitu kwa vidole viwili watoto wengi huanza wakiwa na miezi 9 hadi 12, lakini nguvu ya kubana na kutoachia huja polepole, na ndiyo hiyo hiyo atakayoihitaji kushika penseli. Zamani alikuwa akiikamata kalamu kwa ngumi nzima. Sasa anaishika kwa vidole, na duara lake linakutana, ingawa lina umbo la kiazi. Siwezi kusema ni ubao peke yake. Na umri nao umesogea.

Binti yangu anatumia mkono wa kushoto. Bibi yake akija kutoka Magu hamwachi: “Mama, hebu badilisha mkono.” Mimi namwacha. Vifungo na zipu havijamsumbua, ila komeo limewekwa pembeni kabisa upande wa kulia, kwa hiyo anajipinda kulifikia. Kama wako naye ni wa kushoto, mwambie fundi aliweke katikati.

Kasoro zipo. Kingo hazikupigwa msasa vizuri, nikamalizia mwenyewe. Bawaba za komeo zilipigiliwa misumari, zikaanza kucheza, skrubu zingekaa. Kubwa zaidi ni zile shanga ndogo za kuhesabia zilizotungwa kwenye waya kwa chini. Mdogo wake anatambaa na kila akiokotacho hupeleka mdomoni, na shanga ya namna ile inaweza kumkaba. Nilikata waya nikazitoa zote. Wewe agiza zisiwekwe tangu mwanzo.

Mwenye mfuko mwembamba asisononeke. Zipu ya begi bovu la shule ukiishonea kwenye kipande cha kitenge inafanya kazi ile ile. Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji na mafuta kidogo, unampa donge la kufinyanga. Na ukitoka soko la samaki la Mwaloni na dagaa wako, mpe sinia akusaidie kuondoa takataka. Wangu hapo hutulia kuliko kwenye ubao, shida ni harufu ya mikono tu.

Kwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi minne, bei hiyo naiona ni halali. Wangu kufuli la ubaoni limeshamwishia utamu. Siku hizi anautafuta ufunguo wa kabati la vyombo.