Mwakilishi asiye waziri: tumpime ukumbini au kamatini?

Ukumbini Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, mwakilishi huyu anapewa dakika chache, na nyingine zinaishia kwenye shukrani na salamu za jimboni. Ila huku ndiko anakosikika: mtu wa Micheweni kule Pemba anamfuata redioni, barabara yake ikitajwa roho inatulia. Halafu "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja", basi.

Kamatini hakuna makofi, na mimi ndiko ninakompimia. Kwenye kamati ya hesabu za serikali, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu iko mezani, watendaji wa wizara wamekaa mbele yake. Anauliza: vielelezo vya malipo haya viko wapi? Akipewa maneno matupu anauliza tena, mpaka karatasi itoke. Yanayopatikana huingia kwenye ripoti ya kamati, na Baraza zima huijadili.