TAHADHARI: Wanakuuzia fomu ya bure ya punguzo la kodi ya majengo

Ndugu zangu, kama una mzazi au jirani wa kipato kidogo anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, naomba umsomee hii leo. Kuna watu wanajiita mawakala wa misamaha ya kodi ya majengo. Wamemzungusha mama yangu mkubwa miezi tisa, na hasara kubwa aliyopata haitokani na ada aliyowapa.

Alipigiwa simu na kijana mwenye adabu, shikamoo nyingi. Kijana alijua jina lake, alijua nyumba ilipo, akamtajia hadi deni la kodi. Mama mkubwa akaamini hapo hapo, maana nani mwingine angejua deni lake kama si mtu wa ofisini? Kumbe sehemu nyingi orodha ya wadaiwa hutangazwa hadharani kabla nyumba hazijapelekwa mnadani, na tapeli anaisoma kama mtu mwingine yeyote. Mtu kujua deni lako hakumfanyi awe mfanyakazi wa serikali.

Ikaja ada ya kufungua faili. Ikafuata ya tathmini, kisha ya kuharakisha, na juu yake ahadi kwamba atachukua asilimia 30 ya punguzo kila mwaka. Fomu yenyewe tuliiona baadaye: kurasa mbili, inatolewa bure dirishani, na karani anakusaidia kuijaza.

Ada zinauma, lakini sikilizeni hili. Kijana alimwambia asilipe chochote mpaka msamaha utoke, kwa sababu "ukilipa umekubali deni". Akamwambia pia barua zikija asizifungue, ampigie yeye aje kuzichukua. Mama mkubwa akatii. Maombi hayakupelekwa popote. Barua ya kwanza ilikuwa ya ukumbusho, ya pili ya faini, ya tatu ikimpa nafasi ya kulipa kidogo kidogo akijibu kabla ya tarehe fulani. Tarehe ikapita barua ikiwa kwenye mkoba wa mtu mwingine. Huo ndio wizi wenyewe, jamani. Walimwibia muda, na kwenye kodi muda ukishapita unageuka riba.

Kuomba punguzo kwa kawaida hakusimamishi kodi. Unaendelea kulipa, au unaomba ofisi ikupangie malipo madogo, mpaka upate jibu la maandishi. Ukikubaliwa na ulikuwa umelipa zaidi, kinachozidi hurudishwa au huhesabiwa kwenye kodi inayofuata. Na sehemu nyingi ukichelewa tarehe ya mwisho, punguzo la mwaka huo limekwenda, hata kama unastahili kabisa.

Kwenye rundo la karatasi alizosainishwa kulikuwa na hati ya uwakili. Mwanasheria wa msaada wa bure alitusomea: ilimpa yule kijana ruhusa ya kupokea fedha zozote za mama mkubwa kutoka ofisi ya kodi na kusaini kwa niaba yake mambo yote ya nyumba hiyo. Mambo yote! Mwanamke mzima anasaini karatasi hiyo akidhani anaomba kupunguziwa kodi.

Msidhani haya ni ya sehemu moja. Uingereza, upande wa England, tangu Aprili 2013 kila halmashauri ina mpango wake wa kupunguzia kodi wenye kipato kidogo. Maombi yanakwenda moja kwa moja kwenye halmashauri, bila malipo, na mtu mzima anayeishi peke yake anapata punguzo la asilimia 25 bila hata kuulizwa kipato. Hata hivyo wapo wanaopiga simu na kutaka malipo kwa kazi hiyo hiyo. Marekani, bibi mmoja wa Minnesota aitwaye Geraldine Tyler alifikia deni la takriban dola 15,000, na sehemu kubwa ya deni hilo ilikuwa riba, faini na gharama, kodi yenyewe ikiwa ndogo. Nyumba ikauzwa dola 40,000, serikali ya eneo ikabaki na fedha zote. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwa kauli moja kwamba kesi yake ina msingi: serikali haiwezi kujichukulia ziada inayobaki baada ya deni kulipwa. Sasa wapo wanaowatafuta watu waliouziwa nyumba, wakijitolea "kuwadaia ziada" kwa fungu nono, wakati mara nyingi mwenyewe anaweza kuidai.

Kama umeshaingia mkenge, usingoje kumpata wakala akurudishie chako. Nenda kwanza ofisi ya kodi na kitambulisho chako, andika barua kwamba fulani hakuwakilishi tena, na omba nakala ya barua zote walizokutumia. Hati ya uwakili ifutwe kwa maandishi. Ofisi ya ardhi nayo uiulize kama kuna lolote limesajiliwa juu ya nyumba yako. Uingereza kuna huduma ya bure ya msajili wa ardhi inayokutumia taarifa mtu akianza kugusa usajili wa nyumba. Uliza kama kwenu ipo. Kama ulimpa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu, piga benki kabla ya yote hayo.

Mama mkubwa aliomba upya mwenyewe, nikiwa nimekaa pembeni yake. Jibu lilikuja baada ya wiki sita: amekubaliwa kuanzia mwaka huu. Faini za ile miezi tisa anazilipa kidogo kidogo. Namba ya yule kijana haipatikani tena, ila wiki iliyopita jirani yetu, mzee mjane, alipigiwa na "wakala" mwenye maneno yale yale kuhusu kutofungua barua.