Rili ya kuvulia samaki ya kugeuza mpini, nimeipeleka ufukwe wa Shangani
Mashoto wenzangu wa Mtwara hii inatufaa, mpini unahama, unafungua kifuniko upande wa pili unachomoa mpini unauchomeka huku umemaliza, hata bisibisi huhitaji. Mi fimbo nashika kushoto nazungusha kwa kulia, shemeji kinyume chake, basi tunapokezana hiyohiyo moja. Ila mpini wenyewe ni wa kupita tu kwenye tundu la pembe sita afu unabanwa na skrubu ya hicho kifuniko, samaki kolekole akivuta unausikia unacheza, bora ungekuwa wa kujifunga kwa hesi, yaani unazungushwa wenyewe mpaka unakaza. Na kile kifuniko kidogo mno jamani, kikidondoka miambani maji chumvi yanaingia mpaka kwenye beringi. Rili za ngoma, zile uzi unajiviringisha kwenye ngoma inayozunguka, ndo nyingi hazigeuki, ukinunua ya kulia umeoa.