Neno lolote au kichwa cha somo?

Ukiandika "sarufi Kiswahili" kwenye kisanduku cha neno lolote cha katalogi ya maktaba, katalogi hulinganisha herufi tu. Kitabu cha sarufi hiyohiyo kilichoandikwa kwa Kijerumani hakitatokea. Njia hii inafaa pale unapokumbuka kipande cha jina la kitabu. Lakini angalia: alama ya nyota mwishoni, inayosimama badala ya herufi zozote zinazofuata, kama "shair*", huleta shairi na kuacha mashairi, kwa sababu Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno. Katika katalogi nyingi dawa yake ni kuandika shairi OR mashairi, OR (yaani "au") kwa herufi kubwa.

Kichwa cha somo, yaani maneno maalumu yanayotaja kitabu kinahusu nini, huwekwa na mkutubi. Maktaba zinazofuata orodha ya Library of Congress (Maktaba ya Bunge la Marekani) huandika "Swahili language--Grammar", na hapo vitabu vya sarufi hiyo, vilivyoandikwa kwa lugha yoyote, hukaa pamoja. Ugumu ni kwamba kichwa chenyewe hukijui, na kukibahatisha ni kupoteza muda.

Kwa utafiti, kichwa cha somo kinashinda kwa mbali. Anza na neno lolote upate kitabu kimoja kinachofaa, fungua rekodi yake kamili, kisha bofya kichwa cha somo kilichomo.