Kiuma cha A: miezi minne bila tyuna ya betri

Hiki ni kile kiuma cha chuma cha kutyunia gita, miguu miwili na kishikio, betri hakina. Nimekaa nacho miezi minne na nasema kinafaa, ila kama huna subira acha tu.

Nilikinunua duka moja la vyombo vya muziki hapa Kampala mjini, elfu thelathini, muuzaji akacheka, "kaka si uchukue hii ya klipu?" Tyuna ya klipu (ile ya betri, unaibana kwenye kichwa cha gita) ninayo, ndo ilizima Jumapili asubuhi kwaya wameshasimama, na simu ambayo ningetyunia haina chaji sababu stima ilikatika tangu usiku, nikapiga gita hivyo hivyo, aibu yangu.

Kinatoa noti moja tu, A, mitetemo 440 kwa sekunde. Unakigonga gotini (usithubutu kwenye sementi, utakiharibu), unasimamisha kishikio juu ya mbao ya gita na gita lote linavuma. Sasa uzi wa tano (tunahesabu kuanzia ule mwembamba), ambao nao ni A, wenyewe ni 110, ukiugusa kidogo tu bila kuukandamiza, juu kabisa ya chuma cha freti ya tano (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gita), inatoka filimbi fulani hivi ambayo ndo 440 yenyewe. Zisipolingana utasikia wau-wau-wau, ukikaribia inakuwa polepole, ikinyamaza umefika. Mimi wiki nzima sikuisikia hiyo wau nikajua nimepigwa! Halafu siku moja jirani kafungulia muziki wa kadongo kamu wa hapa Uganda redioni mpaka mwisho (na jina lenyewe ni kagita kamoja tu, lakini kelele zile!), nikakibana kishikio kwa meno, sauti ikapita kwenye mifupa hadi sikioni, safi kabisa.

Nyuzi zingine wengi tunafundishwa freti ya tano inakupa uzi unaofuata, isipokuwa wa tatu kwenda wa pili ni freti ya nne. Sawa, lakini ukikosea kidogo pale juu kosa linashuka nawe mpaka uzi wa mwisho. Siku hizi kila uzi naupima na A: wa sita freti ya 5, wa nne freti ya 7, wa tatu ya 2, wa pili ya 10, wa kwanza ya 5. Na ukipitiliza legeza kwanza halafu panda tena, ukiishia kwa kulegeza uzi utashuka wenyewe katikati ya wimbo.

Kasoro? Kama kinanda cha kanisa hakiko 440, weka kiuma mfukoni, fuata kinanda. Na nyuzi mpya zinavutika, kiuma hakina la kukusaidia hapo.

Nyota nne. Ya tano nimeikata maana wameniuzia bila mfuko, ikabidi nikishonee cha kitenge.