Vigae vya mkono kwenye fremu ya kioo: uzoefu wangu

Niseme bei kwanza, maana ndiyo itakayowakimbiza wengi. Kifuko cha vigae vya kufinyangwa kwa mkono nilikipata kwa shilingi 45,000, na vilivyomo havitoshi kufunika hata sinia la pilau. Ukienda dukani na hela hiyo unatoka na boksi la marumaru na chenji juu.

Nilivitaka kwa ajili ya fremu ya kioo cha bafuni, juu ya sinki. Muuzaji ni dada mmoja mfinyanzi hapa Dar anayepokea oda kwa simu. Mzigo uliletwa na bodaboda, kila kigae kimeviringishiwa gazeti, na hakuna kilichovunjika. Ndani kulikuwa na samaki changu aliyeachama mdomo, bajaji ya njano, kandambili moja isiyo na mwenzake, vipande vya embe, kunguru mwenye sura ya umbea, na vigae vidogo vya rangi tupu vya kujazia. Huyo kunguru ana alama ya kidole gumba mgongoni. Mistari ya ngozi inaonekana kabisa chini ya glezi, ule utando unaong'aa juu ya udongo uliochomwa. Kwa kunguru huyo peke yake sioni kama nimeibiwa.

Sasa kasheshe. Unene haulingani hata kidogo. Kimoja kina milimita tano, cha pili yake kinakaribia sentimita nzima. Nilipomwuliza akanijibu, "Dada, udongo hauna rula, vile vinene viache vikutazame." Jibu nimelipenda, ila kwenye fremu mambo hayaendi hivyo: grauti, ule uji mzito wa kujazia mapengo kati ya vigae, itavimeza vyembamba, na vinene vitakukwaruza kila ukipitisha kitambaa. Dawa yake ni kuvipaka vyembamba gundi nyingi zaidi kwa chini ili vipande juu, kisha unalaza ubao ulionyooka juu ya vyote na kuugongagonga taratibu kabla gundi haijashika. Ni kazi ya subira. Nilitenga jioni nzima na simu nikaizima.

Kinachonifanya nipunguze nyota ni gundi iliyokuja na kifuko. Ni ile nyeupe ya maseremala. Kwa pambo la sebuleni haina neno, lakini hulainika ikipata unyevu, na bafu la Dar halikauki. Niliwapa watoto wabandikie kazi zao za shule, nikanunua gundi ya vigae ya kukoroga na maji, aina inayoshika mbao. Plaiwudi ya fremu nayo niliipaka rangi ya msingi pande zote, mbele na nyuma, isije ikanywa maji ikapinda.

Ushauri wangu mkubwa: vile vya kujazia msivilipie. Pitia popote fundi anapotandika marumaru, vipande vinavyobaki huwa vinatupwa tu. Vifunge kwenye kitambaa kizito, gonga kwa nyundo, na miwani ya kujikinga usiisahau, kingo zake ni wembe. Ukitaka kukata kwa umbo, tafuta koleo la vigae lenye vigurudumu viwili. Koleo la kawaida linasaga udongo badala ya kuukata. Zikizungukwa na marumaru nyeupe za bure, zile picha chache za mkono ndiyo zinapata kupumua. Wazee wa pwani walilijua hili. Nguzo za makaburi ya kale kule Kunduchi zilipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China, lakini hawakuyajaza nguzo nzima. Waliyapa nafasi katikati ya chokaa.

Kwenye grauti nilichagua kijivu iliyokolea, kwa sababu nyeupe inafifisha rangi za vigae na bafuni inageuka manjano mapema. Mapengo yangu ni mapana, yanazidi milimita tatu, kwa hiyo nilichukua ile yenye mchanga. Laini ingenywea ikaacha nyufa. Angalieni glezi pia. Samaki wangu ana mipasuko midogo midogo juu, ni ya makusudi na inapendeza, ila grauti nyeusi ikiingia humo haitoki tena. Mpake dawa ya kuziba vigae kwanza, akauke, ndipo uendelee. Halafu futa kwa sponji iliyokamuliwa sana, la sivyo unaichota grauti yote kwenye mapengo.

Fremu ikikamilika ni nzito. Msumari hauiwezi, toboa ukuta uweke plagi ya kushikia skrubu, na skrubu yenyewe iwe ndefu.

Kwa meza ya barazani inayonyeshewa, vigae hivi sivipendekezi, kwani udongo wake unafyonza maji. Kwa ndani, nyota nne. Nimeshaagiza vingine vya kuzungushia saa ya jikoni, safari hii picha tupu bila vya kujazia wala gundi, na amekubali kunipunguzia bei. Nimemwomba na ile kandambili ya pili. Anasema hatengenezi.